Kigingi cha Nguzo ya Kwanza

Sogeeni karibu. Mwenye usingizi akalale sasa hivi, maana hadithi hii haimalizwi na anayeisimulia. Inamalizwa na aliyeisikiliza, na huko mwisho hakuna ruhusa ya kusema "mimi sijui".

Katika ghuba ya Lihuwi, kando ya ziwa kubwa la kusini, palikuwa na watoto watatu wa mama mmoja, na kila mmoja alikuja duniani na lake.

Longino, wa kati, alikuja na sikio. Si sikio la muziki. Akiimba kanisani watu walitazamana. Lilikuwa sikio la mawe. Aligonga mwamba kwa nyundo, akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani, akasema, "Huu mtupu," au, "Huu una kitu."

Wilbroda, kitinda mimba, alikuja na jicho la namba. Aliziangalia kama wengine tunavyoangalia sura za watu: akajua ipi inadanganya, ipi imenuna, ipi ina homa na inajikaza. Serikali ikampeleka ng'ambo kusomea nguvu za nyuklia, akarudi na shahada mbili, koti moja, na mafua yasiyoisha.

Gaudensia, mkubwa wao, hakusoma sana wala hakugonga mawe. Yeye alikuja na nafasi. Alikuwa binti wa kwanza wa nyumba ya moto, na kipaji chake, ambacho mwenyewe hakuwahi kukielewa, ni kwamba alipoinuka watu waliinuka.

Hapo pa nyumba ya moto inabidi paelezwe. Lihuwi, watu wakihama kwa hiari yao, hubeba makaa kutoka jiko kongwe. Lakini wakiombwa na mtu mwingine wahame, mtunza moto, yaani binti wa kwanza wa nyumba yenye jiko hilo, huuzima mwenyewe ule wa zamani kwa maji, na aliyewaomba huwawashia mpya kwa mkono wake, huko waendako. Tangu siku hiyo aliyewasha hawezi kuwaangalia wakikaa gizani au kwenye baridi. Ataona aibu mpaka kaburini. Kisha mtunza moto huugawa nyumba kwa nyumba. Akishagawa, hakuna anayemwuliza kwa nini huyu kaanza na yule kafuata, na yeye haelezi.

Haikuandikwa popote. Aibu haikuhitaji kuandikwa.

Basi. Dunia wakati huo ilikuwa na njaa, na njaa yenyewe si ya ugali. Miji ya mbali ilitaka magari yasiyokunywa mafuta. Ilitaka viyoyozi vya kupoza majengo ya vioo yaliyojengwa kwa makusudi mahali penye joto. Ilitaka maghala ya kompyuta, makubwa kama vijiji, ya kuhifadhi picha za chakula ambacho watu walishakila. Na zilikuwepo pia hospitali na shule, tusiwe wabaya. Makaa ya mawe yalikuwa yamechafua hewa hadi waliotajirika nayo wakaanza kukohoa. Mabwawa yalikauka kila mvua ilipochelewa. Ndipo wataalamu wakasema: kuna jiwe linaloitwa urani, kipande chake kidogo kinatoa moto wa lori zima la makaa, bila moshi. Walisema kweli. Hadithi hii haina ugomvi na jiwe.

Vikatakiwa vitu vitatu: jiwe lenyewe, mahali penye maji mengi ya kulipoza, na mtu wa kulichunga.

Longino akagonga. Kampuni ilikuwa imetoboa mlima wa nyuma ya Lihuwi mpaka ikachoka, mashine zikisema urani imo lakini zisiseme upande gani. Walishaanza kufunga mizigo. Longino akapanda na nyundo yake, akagonga, akainama, akagonga tena, akasema, "Hapa. Upande wa machweo." Wakachimba, wakaikuta. Jiwe likasagwa, likavuka bahari, likasafishwa, likarudi limevishwa chuma. Longino na wenzake ndio walioingia shimoni kulitoa. Barakoa ziligawiwa siku za wageni. Siku nyingine waliambiwa zimeagizwa. Leo Longino anavuta hewa kama mtu anayenyonya uji mzito kwa mrija, na wenzake ni hivyo hivyo, wale waliobaki. Bila nyundo ya Longino, kampuni ingeondoka, na mtambo usingekuwepo.

Gaudensia akamwaga maji. Ghuba ya Lihuwi peke yake ndiyo ilikuwa na kina na ubaridi wa kupoza mtambo, na watu wa Lihuwi walikataa kuondoka. Kampuni ikamtuma afisa wake wa mahusiano, kijana mtanashati ambaye watu walimwita Bwana Mahusiano hadi jina lake likapotea. Alikuja na picha: nyumba nyeupe, mabomba, taa mlangoni. Watu walizitazama picha, kisha wakamtazama Gaudensia. Longino akamwambia, "Dada, nimelitoa jiwe, lisije likalala bure." Wilbroda akaandika kutoka ng'ambo kwamba mtambo ni salama ukichungwa. Mchana mmoja Gaudensia akakaa mbele ya jiko la mama yake, akachukua kata, akamwaga. Jiko likafoka, likanyamaza. Kufikia jioni kijiji kizima kilikuwa kimefunga vyungu.

Walipofika mahali walipopewa, mgongo wa mlima ulioitwa Makao Mapya, Gaudensia akamwambia Bwana Mahusiano, "Sasa baba, utuwashie."

Bwana Mahusiano akatabasamu. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kiberiti cha gesi chenye nembo ya kampuni, tak, akawasha konzi ya majani makavu. Wapiga picha wakapiga. Vigelegele vikalia.

Alipokuwa anaupokea moto ule, Gaudensia alimwona anarudisha kiberiti mfukoni kama mtu aliyemaliza kuwasha sigara. Akajua kwamba hajui. Na desturi ilimpa njia: moto wa asiyejua anachotoa hukataliwa. Unakaa chini kwenye mafiga ya baridi, kimya, mpaka mwenyewe aulize kuna nini. Lakini watoto walikuwa na njaa, wingu lilikuwa limetanda, na aliona haya kumwaibisha mgeni mbele ya kamera. Akaupokea. Ni kosa ambalo mtu wa kwingine asingelifanya, kwa sababu mtu wa kwingine angedai mkataba.

Taa hazikuja. Kilichimbwa kisima kirefu kikawekwa pampu ya mkono, na maji yako chini kuliko mkono wowote unavyoweza kuvuta. Wanawake wa Makao Mapya wanateremka mtoni na kupanda, asubuhi na jioni. Desderia, jirani wa Gaudensia, alijifungulia kwenye mteremko ule, ndoo ikiwa bado kichwani kwa mwenzake. Mtoto hakukaa. Hata hivyo, bila kata ile ya maji, Lihuwi ingekuwa bado kijiji, na mtambo usingekuwepo.

Wilbroda akabonyeza. Alikuwa amerudi, amevaa kofia ya uhandisi, amekaa kwenye chumba cha kuongozea mtambo, na mtambo ulikwenda vizuri. Miji iliwaka. Nchi jirani zilinunua. Siku ya sherehe ya kuupongeza mtambo huo huo, viongozi wakiwa ukumbini mji mkuu, Wilbroda akaona namba moja ya bomba la maji ya kupozea ina homa. Akampigia mkubwa wake. Mkubwa akasema, "Subiri hotuba iishe." Akaitazama tena ile namba. Akabonyeza kitufe chekundu, mtambo ukalala, na ukumbini taa zikazimika mgeni rasmi akiwa katikati ya neno "uhakika".

Uchunguzi ulisema bomba lingepasuka kabla ya jioni, na ziwa lingeharibika kwa vizazi. Wakamshukuru katika chumba kilichofungwa mlango. Wiki iliyofuata wakamwachisha kazi kwa kutofuata ngazi za maamuzi. Leo amepanga chumba Nakapwa, kijiji cha ufukweni jirani na mtambo, anafundisha hesabu watoto wasio na madawati. Bila kidole cha Wilbroda, mtambo usingekuwepo, na huenda wala sisi.

Sasa hapo ndipo shukrani ilipoingia, na pamoja nayo balaa.

Mtambo ulitimiza miaka kumi, na kampuni ikaona vyema kuwashukuru hawa watatu. Bwana Mahusiano, siku hizi mwenye kitambi na miwani, akaitisha mkutano Makao Mapya.

"Ndugu wananchi, kampuni haisahau."

"Labda ilikuwa imelala," mwanamke mmoja akasema kutoka nyuma, watu wakacheka.

"Zawadi yetu ni transfoma moja, pamoja na nguzo za kuufikisha umeme sehemu moja."

Mzee Tindwa, mwenyekiti wa kijiji, akaweka mkono sikioni. "Sehemu ngapi?"

"Moja, mzee."

"Mwanangu, umeme wenu unapita juu ya vichwa vyetu hapa, kila siku, unakwenda mpaka nchi za watu."

"Huo umeshauzwa, mzee. Huu ni wa shukrani, na bajeti ya shukrani ndiyo hiyo."

Msicheke. Alisema hivyo hivyo, bila haya, kama mtu anayesoma hali ya hewa.

Akaeleza. Laini kubwa inakata mlima mahali ambapo njia tatu zinakutana: moja inatoka Machimboni wanakoishi Longino na wenzake, moja Makao Mapya, moja Nakapwa. Hapo ndipo umeme utashushwa, na nguzo zitafuata njia moja. Akatoa kigingi chenye rangi nyekundu kichwani. Kitakapochomekwa, ndipo itakaposimama nguzo ya kwanza, na njia itakuwa imechaguliwa. Mgeni rasmi anakuja Jumamosi asubuhi. Akifika kigingi hakijachomekwa, transfoma itakwenda kwenye uwanja wa mpira wa wafanyakazi wa mtambo.

"Kufanya nini?" akauliza mzee Tindwa.

"Taa. Wanapenda kucheza jioni."

Watu wakabishana hadi wakakauka koo. Mwisho mzee Tindwa akachukua kigingi, akakiweka mapajani kwa Gaudensia. "Moto unagawiwa na mtunza moto," akasema. "Tusijifanye tumesahau kwa sababu umekuja na waya."

Ijumaa mchana ndugu zake wakaja jikoni kwake. Longino aliletwa kwa bodaboda, akakaa mlangoni penye hewa. Wilbroda akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Gaudensia alikuwa anamenya mihogo, na kigingi kilikuwa kimesimama karibu na mtungi kama mgeni asiyekaribishwa kuketi.

"Niseme langu," Longino akasema, kisha akapumzika kidogo. "Zahanati ya masista, Machimboni. Mashine za oksijeni zipo. Ziko kwenye maboksi, zimefunikwa kitambaa cha altare. Sola yao inawasha taa na redio. Mashine ikiwashwa, yote inazima." Akapumzika tena. "Tunasikiliza redio, dada. Tunakufa tukiwa na habari."

"Na wewe?" Gaudensia akamwuliza Wilbroda.

"Lile bomba walilitia kiraka, hawakulibadilisha. King'ora cha mtambo kimeelekezwa kwenye nyumba za wafanyakazi. Ikitokea, watu wa Nakapwa na ufukwe wote wataendelea kuteka maji na kuogesha watoto, wataambiwa kesho yake. Ninacho kipimo cha mionzi, rafiki yangu alinitumia. Ninataka kifungwe ufukweni na king'ora chake, kiwake mchana na usiku. Kila anayekunywa ziwa hili atasikia. Hata wa huku mlimani, maana samaki mnaokula ni wa kule ziwani."

"Ikitokea," Longino akasema. "Unataka umeme wa kusubiri, Wili. Siku yenyewe huenda isije. Yangu imeshakuja, imekaa hapa." Akajigonga kifua, kwa sikio la mtu anayejua kilicho ndani.

"Nilikuandikia uvae barakoa."

"Uliandika kutoka kwenye theluji. Hiyo barakoa uliitia kwenye bahasha?"

Wilbroda akacheka bila kutaka. Kisha akamgeukia dada yake. "Na wewe dada unataka pampu ya umeme kisimani."

"Ninataka pampu."

"Maji mnayo. Ni mbali, lakini mnayo."

"Desderia hana mtoto," Gaudensia akasema, kisu hakikusimama.

Wilbroda hakuwahi kukiweza kimya. "Na hilo ni kosa la nani? Nani aliyepokea kiberiti?"

"Wili," Longino akaonya.

"Si alipokea? Kwetu tulilelewa kusema ukweli. Angekaa chini siku ile, asiupokee, wangeuliza kuna nini. Wangeambiwa. Leo tungekuwa na taa hadi bandani kwa mbuzi."

"Nilipokea," Gaudensia akasema. "Na wewe ulibonyeza katikati ya hotuba ya wageni. Ungekuwa mpole kidogo, ungezungumza nao vizuri, ungekuwa bado mle ndani, king'ora ungekigeuza mwenyewe."

"Ningekuwa mpole, tungekuwa tumeoza."

"Na wewe," Gaudensia akamwambia Longino, "ungesema tu kwamba mlima ni mtupu."

Longino akatafakari, kwa sababu alikuwa mtu wa haki hata akikosa pumzi. "Lakini haukuwa mtupu," akasema.

Ndivyo ilivyokuwa. Kila mmoja alikuwa ameuleta mtambo, na kila mmoja, ukiangalia vizuri, alikuwa amelileta jeraha lake pamoja nao. Wakala mihogo. Ilikuwa michungu kidogo, na hakuna aliyeilaumu.

Wakati wa kuondoka, Longino alimshika Gaudensia mkono. "Usinipe kwa sababu ninaumwa," akasema. "Nipe kwa sababu nililitoa." Wilbroda, akiwa ameshafika uani, akageuka. "Usininyime kwa sababu ya lile neno la kiberiti." Na Desderia, aliyekuwa akipita na ndoo yake, hakuomba chochote. Alimwamkia tu, "Shikamoo, dada," kama kila siku, na Gaudensia akaona ni afadhali angetukanwa.

Jumamosi asubuhi njia zote tatu zilikuwa zimejaa. Machimboni walisimama upande wao, wengine wameegemea fimbo, masista wawili nyuma yao. Nakapwa walisimama upande wao, Wilbroda mbele, kipimo chake begani ndani ya mkoba wa turubai. Makao Mapya walisimama upande wao, na hawa ndio waliomwumiza zaidi, kwa sababu walikuwa wamevaa nguo za kanisani. Waliinuka siku aliyoinuka. Hawakumwuliza kitu wakati ule, wala Jumamosi hii hawakuuliza.

Juu yao laini kubwa ililia zzz, mfululizo, kama mdudu aliyeshiba.

Gaudensia akasimama katikati na kigingi. Kwa mara ya kwanza alitamani desturi ingemruhusu kueleza. Angewaambia wa Machimboni: ninyi mmeshatoa vifua vyenu, nani ana haki kuliko ninyi, lakini ninyi ni wachache na kila mwaka mnapungua. Angewaambia wa Nakapwa: ninyi mnaomba kwa ajili yetu sote, lakini mnaomba dhidi ya siku ambayo hakuna aliyeiona. Angewaambia wake: ninyi mliombwa mhame na mkawashiwa moto, huu umeme kwa desturi ni wenu kabisa, lakini moto ule mimi niliupokea, na aliyeupokea amekiri kwamba deni limelipwa.

Bwana Mahusiano alikuwa anazungumza kwenye simu. Akaishusha. "Mama, wameshavuka daraja. Popote tu, mama. Kokote utakapochomeka, picha itatoka nzuri."

"Bado unacho kile kiberiti?" Gaudensia akamwuliza.

"Kiberiti kipi?"

"Ulichotuwashia."

Akafikiri, akacheka kwa upole, bila ubaya wowote moyoni, na huo ndio ulikuwa ubaya wenyewe. "Aa, mama. Niliacha sigara zamani."

Gaudensia akapiga goti. Udongo pale ni laini. Kigingi kingeingia hata kwa mkono wa mtoto. Bondeni vumbi la magari lilikuwa limeanza kuonekana, na kule chini zaidi, kando ya mtambo, wafanyakazi walishachora mistari ya chokaa kwenye uwanja wao wa mpira.

Mmoja aligonga, mmoja alimwaga, mmoja alibonyeza. Ukimwondoa yeyote, hakuna mtambo. Nguzo ni za njia moja, na mwenye kigingi akishachomeka hatamweleza mtu sababu, si ndugu yake, si jirani yake, mpaka anakufa.

Haya, kigingi kiko mkononi mwako wewe uliyekaa kimya tangu mwanzo. Unakichomeka njia ipi?

Fanya upesi. Magari yanapanda.